Cheche Ambazo Relei Haizioni: Mashine Inayojifunza na Ukaguzi wa Laini za Umeme



Mti ukiangukia waya mtupu, mara nyingi relei ya kituo cha kupozea umeme huona mkondo umepanda ghafla na kuikata laini. Waya wenye ganda la plastiki una tabia nyingine. Tawi linaweza kulala juu yake siku nyingi, wateja wanapata umeme kama kawaida, na relei haina cha kuona. Kumbe pale linapogusa, cheche ndogo ndogo zinalitafuna ganda taratibu, hadi waya ukatike au moto uwake.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Ufundi cha Ostrava, Jamhuri ya Cheki, walilivalia njuga tatizo hilo kwenye laini za kilovoti 22 zinazopita msituni. Walizungusha koili kwenye waya, wakapima kila wimbi mara 800,000 ndani ya milisekunde 20, yaani mzunguko mmoja wa umeme wa hezi 50. Mwishoni mwa 2018 data hizo ziliwekwa hadharani katika shindano la Kaggle, tovuti ya mashindano ya uchambuzi wa data. Mawimbi ya kufundishia mashine yalikuwa 8,712. Yenye hitilafu, 525 tu.

Hapa ndipo wanunuzi wa programu za kukamata hitilafu wanapopigwa. Mfumo unaojibu "laini ni nzima" kila ukiulizwa ungepatia asilimia 94 ya mawimbi hayo bila kukamata hitilafu hata moja. Kwa sababu hiyo shindano lilitumia kigezo cha Matthews, ambacho humpa mjanja wa namna hiyo sifuri. Muuzaji akikujia na asilimia zake, muulize: hitilafu za kweli umekamata ngapi, na mafundi umewatuma porini bure mara ngapi?

Kuna pia kelele. Koili hunasa hata mawimbi ya redio. Cheche za kweli hujitokeza zaidi volteji inapopanda kuelekea kileleni; redio huingia wakati wowote. Mfumo ulioshika nafasi ya kwanza ulitegemea miti ya maamuzi (mlolongo wa maswali ya ndiyo au hapana) iliyolishwa vipimo vichache vya vilele vya wimbi. Nakiri hilo lilinifurahisha, maana anayelijua umbo la cheche bado ana kazi.

Kwetu laini nyingi za kilovoti 11 na 33 ni waya mtupu, hivyo kifaa cha Ostrava hakiwezi kuchukuliwa kilivyo. Tunachoweza kuchukua ni nidhamu ya kumbukumbu. Daftari la dharura likiandikwa "imerekebishwa" basi, mashine haina la kujifunza. Iandikwe namba ya nguzo, awamu, saa, kama mvua ilinyesha, na kama ni kikombe cha kuhami waya kilichopasuka au tawi.

Naomba semina hii iazimie fomu moja ya hitilafu kwa kanda zote, kabla ya mtu yeyote kutia saini ya kununua programu.