HIFADHI YA PICHA ZA WAKATI WA VITA: ALBAMU MOJA YA UPARE

(Maneno aliyoyatoa Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa Serikali na wananchi)



Nimetakiwa nizungumzie uhifadhi wa picha za zamani. Niruhusuni nianzie mbali na visiwa vyetu, yaani Same, mji ulio chini ya milima ya Upare, Mkoa wa Kilimanjaro. Nilifika huko kwa shughuli za kazi, na katika nyumba moja mlimani nikaonyeshwa albamu.

Ndani yake ilikuwamo picha ya kijana aliyevaa sare ya Keya, yaani King's African Rifles, kofia yake pana imepindwa ukingo upande mmoja. Pembeni vilibandikwa vipande vya magazeti vyenye habari za Burma, ambako Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipigana mwaka 1944. Mwenye nyumba alinieleza kwamba babu yake na ndugu wa babu yake walikwenda vitani pamoja, akarejea babu peke yake. Aliyekuwa akiitambua sura ile ni bibi, naye amekwishafariki. Nyuma ya picha paliandikwa jina kwa wino, lakini gundi na unyevu vimelifuta. Mjukuu hajui kama anamtazama babu aliyerudi au yule asiyerudi.

Ndugu zangu, majalada ya Serikali hayawezi kumjibu mjukuu huyo. Mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yaliteremka kando ya milima hiyo yakifuata reli ya Usambara, na picha nyingi za vita vile vya Afrika Mashariki zimo katika Imperial War Museum, London. Humo jemadari hutajwa kwa jina na cheo. Mpagazi aliyembebea mzigo huitwa mpagazi tu.

Tena mwezi Januari 1945, vita vya pili havijakwisha, maelfu ya Wapare waliteremka hadi Same kuipinga kodi iliyoitwa mbiru, na mwaka 1946 wanawake wa Usangi nao waliandamana. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, mwenyeji wa Upare, aliandika habari hizo na kuzichapisha mwaka 1971, kwa kuwa aliwahi kuwauliza wazee. Picha nazo zahitaji kuulizwa wakati wenye kujibu wangali hai.

Kwa hiyo nashauri albamu za namna hii zipelekwe katika vyuo vyenye hifadhi ya nyaraka, kama maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, au kwa kwetu katika Nyaraka za Taifa, Kilimani. Asiyetaka kutoa mali ya ukoo na aruhusu inakiliwe kwa mashine, kisha arudishiwe. Nakala, hata iwe safi namna gani, si sababu ya kuitupa asili.

Anayepokea asibandue kitu. Mpangilio wa daftari ni ushahidi: aliyebandika kipande cha gazeti karibu na sura ya mtu alikuwa na maana yake. Jina liandikwe nyuma ya picha, pembeni, kwa kalamu laini ya risasi, wala si kwa wino. Selotepu na kurasa zenye gundi chini ya nailoni ziepukwe, maana huacha madoa yasiyotoka. Karatasi ya gazeti hugeuka manjano na kuambukiza picha iliyo jirani yake. Itengwe kwa karatasi safi isiyo na asidi. Same adui ni joto na vumbi, kwetu ni unyevu na ukungu. Kote mchwa hawakosekani, basi masanduku yasiwekwe sakafuni.

Mimi mwenyewe nina kosa. Nilipokuwa kijana kazini nilibandua picha nne katika albamu ya mzee mmoja nikazipeleka ofisi fulani zichapishwe. Hazikurudi, nami sikuchukua hati ya mapokezi. Ndiyo maana leo nasisitiza daftari la mapokezi: jina la aliyeleta, tarehe, idadi ya picha, na maelezo yake kwa maneno yake mwenyewe.

Yule mjukuu wa Upare tulimwandikia hivi: "Mmoja wa ndugu wawili, haijulikani yupi." Kisha tukaacha nafasi chini yake.