Barua ya Kambi Imefika Nyumbani

Leo naongea hasa na wewe mzazi ambaye mtoto wako yuko gredi ya 7, ya 8 au ya 9, na ambaye umeletewa barua kutoka shuleni. Barua inasema watoto watakwenda kupanda mlima na kutembea msituni, pengine walale kambini usiku mmoja. Inaomba sahihi yako na pesa kidogo za chakula. Wewe umeiweka juu ya kabati, na siku zinapita.

Safari za namna hii si jambo geni Kenya. Skauti wamekuwako hapa tangu 1910, na mwanzilishi wao, Baden-Powell, alifariki Nyeri Januari 1941 na kuzikwa huko huko. Ule mpango wa Tuzo ya Rais ulianza 1966, na kijana wa miaka 14 anaweza kujiunga. Ili apate shaba hutembea safari ya siku 2 na kulala nje usiku 1, katika kikundi cha watu 4 hadi 7. Tangu sekondari msingi ilipoanza Januari 2023, watoto wa miaka 12 na 13 nao wanataka kutoka nje ya darasa, na walimu wengi wanawatoa. Mimi nawaunga mkono. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 hadi 17 anahitaji mazoezi ya kutoa jasho kwa wastani wa dakika 60 kila siku, na mtoto anayekaa kwenye dawati tangu asubuhi mpaka masomo ya ziada ya jioni hazipati.

Lakini sitakuambia uweke sahihi leo. Kwanza nikuhadithie jambo nililoliona.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa afisa wa kliniki katika zahanati moja ya shamba la chai, upande huu wa Kericho. Jumamosi moja, kama saa kumi jioni, pikapu ilisimama mlangoni ikiwa na watoto watatu na mwalimu wao. Shule ilikuwa imetoka saa mbili asubuhi, jua linawaka, watoto zaidi ya arobaini na walimu wawili, kupanda kilima na kurudi. Walichelewa kufika juu. Saa nane mvua ya mawe ikawakuta huko. Hakuna aliyevunjika mguu wala kuumwa na nyoka. Wote walilowa tu, wakashuka polepole kwa sababu njia ilikuwa tope.

Watoto wawili walikuwa wanatetemeka mpaka meno yanagongana. Wa tatu, msichana wa miaka kama 13, alikuwa ametulia. Nikaanza na yeye, na mwalimu akashangaa.

"Daktari, huyo ni mzima," akaniambia. "Alikuwa anatetemeka njiani lakini ameacha. Sasa amenuna tu, hataki kuongea."

Nilimwuliza msichana jina lake. Alilitaja kama mtu aliyelewa. Nikamwambia afunge kifungo cha sweta, vidole vikakataa. Kipimajoto cha kawaida hakikusoma kitu, maana kilikuwa kimetengenezwa kupima homa.

Msikilizaji, hiyo ndiyo hatari ninayotaka uijue, kwa sababu ndiyo hatuiogopi. Ukimwuliza mzazi wa Bomet au Kericho anaogopa nini mtoto akienda msituni, atakuambia nyoka, atakuambia ndovu wa Mau. Baridi hataitaja, kwa kuwa baridi tumezaliwa nayo.

Joto la mwili wako ni kama digrii 37. Likishuka chini ya 35 mwili unaanza kushindwa kufanya kazi yake, na wala huhitaji barafu kufika hapo. Mji wa Kericho uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na kadiri unavyopanda mita 1,000 zaidi hewa hupungua joto kama digrii 6. Ongeza upepo. Ongeza sweta ya shule iliyolowa, kwa maana maji hunyonya joto la mwili kama mara 25 kuliko hewa kavu. Mtoto naye ni mwembamba, na pengine aliondoka na kikombe cha chai ya rangi peke yake. Katika hali hiyo digrii 10 au 12 za hewa zinatosha kabisa kumwangusha.

Kwanza mtoto hutetemeka. Huo ni mwili unajitafutia joto, na ni ishara kwamba bado ana nguvu. Halafu utamwona anajikwaa mahali pasipo na jiwe, anaangusha vitu, anaongea maneno ya kuburutwa, anabaki nyuma, anakuwa mkali au mkimya. Wenzake watasema amenuna. Baadaye kutetemeka kunakoma huku bado amelowa na bado ni baridi. Hapo si kwamba amepona. Mwili umeishiwa kuni.

Ufanye nini? Mtoe kwenye upepo na mvua. Mvue nguo zote zilizolowa. Kama ni msichana, mwalimu wa kike au wasichana wenzake wafanye hivyo. Mkaushe, mvishe nguo kavu, mfunike kichwa, mfungie blanketi. Usimlaze juu ya udongo mtupu, tandika matawi, mikoba au chochote kikavu, kwa maana ardhi nayo hula joto. Kama yuko macho na anaweza kumeza, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari nyingi. Katika nchi hii ya chai hatuna kisingizio cha kukosa chupa moja ya chai kwenye mkoba wa mwalimu. Usimsugue mikono na miguu, usimkalishe karibu sana na moto, na yule mzee atakayesema apewe pombe kidogo apate joto, mwambie asante halafu usimsikilize. Pombe hupeleka damu kwenye ngozi, na joto lililobaki hupotea.

Yule aliyeacha kutetemeka huku akiwa baridi na amechanganyikiwa, asitembezwe tena. Mbebeni akiwa amelala, taratibu bila kumrusharusha, kwa sababu moyo uliopoa hushtuka kirahisi na unaweza kupoteza mapigo. Apelekwe hospitali haraka: Kericho kuna hospitali ya rufaa ya kaunti, Bomet kuna Longisa na Tenwek. Yule msichana wangu alichukua saa kadhaa katikati ya mablanketi. Usiku alianza tena kutetemeka, nami nikafurahi kumwona anatetemeka. Akapona.

Mama yake alikuja usiku huo huo. Alikuwa mchunaji wa majani chai, bado amejifunga ile karatasi nzito ya nailoni ya kazini. Aliitazama, akamtazama mtoto, akasema, "Mimi naendanga na hii kila siku, na mtoto wangu nilimpa sweta." Sikuwa na la kumjibu.

Kwa hivyo, mzazi, jambo la kwanza ni nailoni hiyo. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Agosti 2017, lakini kipande kizito cha nailoni kinachofunika mabega mpaka magoti, kinachotumika tena na tena, kinapatikana katika kila nyumba ya mchunaji chai. Ndani ya mkoba weka seti moja ya nguo kavu iliyofungwa isiingie maji, pamoja na soksi na kofia. Maji yawe kwenye chupa ya kudumu, kwa sababu tangu Juni 5, 2020 chupa za plastiki za kutumia mara moja haziruhusiwi kwenye hifadhi na misitu ya serikali.

Jambo la pili ni saa. Wenyeji mnajua mvua yetu ina ratiba. Asubuhi ni jua, na alasiri upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda huku juu ukakutana na ule wa mashariki, mawingu yakajikusanya, radi na mawe yakaanza. Wanasayansi wa hali ya hewa duniani wanaijua Kericho kwa mvua yake ya mawe. Basi mwalimu anayepanga kufika kileleni saa saba amepanga kunyeshewa. Waondoke alfajiri, wawe wamegeuka kabla ya saa sita, hata kama kilele kinaonekana pale karibu. Najua watoto watanung'unika.

Na mvua hiyo inakuja na radi. Mkisikia ngurumo, radi tayari iko karibu vya kutosha kuwapiga. Ingieni kwenye jengo lililofungwa au ndani ya gari lenye paa la chuma, mkae humo mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho. Banda la kukusanyia majani chai, lile la nguzo na mabati lisilo na kuta, linazuia mvua lakini si kinga ya radi. Msisimame chini ya mikaratusi wala kando ya seng'enge. Kama mko wazi kabisa, shukeni kutoka mgongo wa kilima na mwachane nafasi, ili radi moja isiwapate wote. Aliyepigwa hana umeme mwilini, mguse bila woga. Kama hapumui, kandamiza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, mpaka msaada ufike. Wengi waliopigwa na radi wangeokolewa na mtu aliyethubutu kuwagusa.

Mito nayo haiangalii jua la mahali ulipo. Nyangores, Itare na mingine inashuka kutoka Mau. Kukinyesha huko juu, maji hujaa huku kwenye kivuko mkiwa mmekauka. Maji yakiwa ya kahawia na yanapanda, hakuna kuvuka, hata kama daraja liko mbali. Kuhusu nyoka nitasema kidogo tu: aliyeumwa atulie, kiungo kisisogezwe, usikate, usifyonze, usikaze kamba, mbebeni hospitali. Na kabla ya kuingia msituni mwalimu aende kwa afisa wa Huduma ya Misitu apate ruhusa na aulize ndovu wako upande gani.

Lakini barabara ndiyo inayonitia hofu kuliko ndovu. Juni 30, 2023 lori lilipoteza mwelekeo pale Londiani, kwenye barabara ya Kericho kwenda Nakuru, na watu zaidi ya 50 wakafa, wengi wakiwa wafanyabiashara na watu waliosimama kando ya njia. Usiruhusu watoto arobaini watembee kando ya barabara kuu kwa sababu ni njia ya mkato. Kama hakuna budi, wafuatane mmoja mmoja, wakikabili magari yanayokuja, mwalimu mmoja mbele na mmoja nyuma. Basi la shule nalo lirudi kungali na mwanga.

Sasa kuna watoto ambao mwalimu hatawajua usipomwambia. Mwenye pumu aende na pampu yake mfukoni, si kwenye gari lililobaki chini, kwa maana baridi na kupanda mlima huamsha pumu. Mwenye kifafa asikose dawa hata siku moja. Na kuna selimundu, ambao wengi huuita sikoseli. Kwenye mashamba yetu wanaishi jamaa wengi waliotoka Nyanza na Magharibi, ambako ugonjwa huu upo sana. Baridi, kiu na uchovu ni vitu vitatu vinavyoleta maumivu makali ya mifupa kwa mtoto huyo, na mlima una vyote vitatu. Zungumza na daktari wake kwanza. Wazazi wengine huficha kwa aibu, wakaogopa mtoto atachekwa. Mwalimu anaweza kutunza siri, lakini hawezi kutibu asichokijua. Na msichana aliyeanza hedhi apewe sodo za kutosha hata kama siku zake bado.

Kama safari ni ya kushuka Kisumu badala ya kupanda, habari ni tofauti. Mtoto wa huku juu hana kinga ya malaria kama wa kando ya ziwa. Alale ndani ya neti, asiogelee ziwani kwa sababu ya kichocho. Akipata homa siku 7 au wiki 2 baada ya kurudi, hata kama mmeshasahau safari, mpeleke kupimwa na umwambie mhudumu wa afya kwamba alikuwa Kisumu.

Sasa ichukue ile barua juu ya kabati, uende shuleni. Muulize mwalimu, kwa heshima, saa ngapi watageuka. Muulize walimu ni wangapi kwa watoto wangapi, nani amesomea huduma ya kwanza, simu inashika wapi, na gari litakuwa wapi mtoto akiumia. Mwalimu aliyejiandaa atakujibu papo hapo, pengine afurahi kwamba umeuliza. Akikuambia "Mama, usijali," rudi nyumbani na barua yako mpaka apate majibu.

Yule msichana nilimwona tena mwaka uliofuata, amekuja zahanati na kidonda cha mguu. Malengelenge ya viatu vipya. Nilimwuliza alikuwa wapi. Alikuwa mlimani, na nailoni ya mama yake ilikuwa imekunjwa ndani ya mkoba. Kuhusu malengelenge, usipasue; funika kwa bandeji safi, na viatu vipya vivaliwe nyumbani wiki 2 kabla ya safari.

Wiki ijayo, saa hii hii, tutaongea juu ya maji ya kunywa shuleni. Kwaheri.