Kijana na Tarumbeta Nene



Katika bendi ya matarumbeta mna chombo kinene cha shaba kiitwacho yufonio. Mpigaji hukipakata, na kinywa chake kipana huelekea juu. Jina lake latokana na Kiyunani, na maana yake ni sauti nzuri. Waliopata kuzisikiliza bendi za Jeshi la Wokovu, lililofika Kenya mwaka 1921, yumkini wameisikia sauti hiyo: ni nzito, tena laini, mfano wa mwanamume aimbaye.

Mazungumzo haya yahusu kijana mmoja wa ukoo wa Wales, David Childs, aliyezaliwa mwaka 1981. Baba yake, Robert Childs, alikuwa mpigaji mashuhuri wa chombo hicho hicho. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini ukoo peke yake haumpi mtu pumzi wala vidole vyepesi.

Huko Wales na kaskazini ya Uingereza, wachimba makaa na watu wa viwanda walikuwa na bendi zao tangu karne ya 19. Kijana huketi kando ya mkubwa wake, akajifunza kwa kusikiliza. Alama za muziki za vyombo hivyo karibu zote huandikwa namna moja, hata mtoto aliyeanza kwa koneti ndogo aweza kuhamia yufonio bila kujifunza vidole upya. Kila siku yampasa kushika sauti moja ndefu isiyotetemeka, kisha apande na kushuka ngazi za sauti polepole. Kazi hiyo haina shangwe, lakini ndiyo msingi.

Tena kuna shida. Okestra kubwa haziweki kiti cha daima cha yufonio. Husikika mara chache tu, kama katika muziki wa sayari alioutunga Gustav Holst baina ya mwaka 1914 na 1916. Basi atakaye kula kwa chombo hicho huona milango michache.

Childs hakurudi nyuma. Alisoma katika chuo cha muziki cha Royal Northern, mjini Manchester. Mwaka 2000, hajatimiza miaka ishirini, alishinda upande wa vyombo vya shaba katika mashindano ya BBC ya wanamuziki vijana. Siku ya mwisho, katika ukumbi wa Bridgewater, alisimama mbele ya okestra nzima. Ushindi mkuu ulikwenda kwa Guy Johnston, mpiga selo.

Je, alipata hasara? La. Chombo kilichozoea kusindikiza kilisikika siku ile kikiongoza. Baadaye mtungaji Karl Jenkins alimtungia muziki wa yufonio na okestra, apate kuupiga yeye.

Kiti ambacho hakikuwapo kilichongwa kwa ajili ya aliyekuwa tayari kukikalia.