Tulinde Maji ya Rejeta: Hotuba kwa Madereva wa Kakamega


Wengi wenu mwaendesha Land Rover za miundo ya zamani, ambazo zilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Ni gari imara, lakini injini iliyokosa maji haina uimara wowote.

Fahamuni kwamba Kakamega iko juu ya bahari kwa kiasi cha mita 1,500. Hapa maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100 kama Mombasa. Kifuniko cha rejeta ndicho kiyabanacho yasichemke upesi. Mpira wake ukichakaa, kibadilisheni. Msizibe kwa kitambaa.

Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, tazameni maji. Yakipungua daima, msiridhike kuongeza tu. Tafuteni yanakopotelea: mipira, pampu au gasketi. Tieni maji safi ya mvua pamoja na dawa ya kuzuia kutu, wala si maji ya mtoni yenye tope. Mkanda wa feni ukilegea, ukazeni. Baada ya safari ya matope, osheni rejeta kwa kumwaga maji kutoka upande wa injini, ili uchafu urudi ulikoingilia.

Injini ikichemka njiani, simameni, izimeni, mngoje ipoe. Afunguaye kifuniko wakati huo huunguzwa uso na mvuke. Amiminaye maji baridi aweza kupasua chuma cha injini. Kungoja ni kuchelewa, lakini macho hayana dukani.

Usipoziba ufa utajenga ukuta.