Hotuba juu ya Kufundisha Kemia katika Bonde la Kilombero



Tumeombwa kusema machache juu ya kemia katika shule za sekondari za Ifakara na bonde lote. Twajua kwamba wengi wenu ni makarani, wala hamshiki chaki. Lakini watoto waliomo madarasani ni wenu.

Mtaala wa mwaka 2005 ulitaka mwanafunzi atende, aulize na ajadili. Hata hivyo desturi ya kunakili ubaoni ina mizizi mirefu. Mtoto hujaza daftari maneno ya Kiingereza asiyoyaelewa, na akiulizwa asidi ni kitu gani, huikariri kama dua. Sababu itajwayo kila mara ni ukosefu wa maabara. Ni ya kweli, ila haitoshi.

Ndimu zauzwa sokoni, na majivu yapo kila penye jiko la kuni. Choya, ile ifanywayo sharubati, ikichemshwa hutoa maji mekundu. Yakitiwa ndimu, wekundu huzidi kung'aa. Yakitiwa maji ya majivu yaliyochujwa, hugeuka kijani. Basi mwalimu na awagawe watoto watano watano, awape vikombe, kisha anyamaze. (Kwa mwalimu, kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote.) Kila kundi liandike kwanza litakalotokea, libishane, ndipo limimine. Na wabishane kwa Kiswahili. Neno la Kiingereza lije baadaye, likute maana imekwisha kukaa. Kisha watie ndimu tone kwa tone katika kile kikombe cha kijani, wakihesabu, hata wekundu urudi. Hapo wamekwisha kugusa kazi ya kupima asidi na besi wanayopewa katika mtihani wa vitendo wa kidato cha nne. Tena wataona viputo, nao watauliza vyatoka wapi. Somo la kaboni dayoksaidi limejileta lenyewe. Mashamba ya miwa ya Kidatu wayajua: na waulizwe kwa nini watengenezao sukari hutia chokaa katika maji ya miwa.

Walimu hutujibu kwamba muhtasari ni mrefu na mtihani hausubiri. Hatulikatai hilo. Lakini lililonakiliwa bila kueleweka hufundishwa mara ya pili na ya tatu, na muda huo hakuna auhesabuye.

Wanachama mlio katika bodi za shule, twawauliza: katika makisio ya mwaka huu, fungu la vikombe, ndimu na choya limeandikwa wapi? Ikiwa halipo, karani ajua namna ya kuliingiza.