Kifurushi Kimefika, Mwenyewe Yuko Kazini

(Mazungumzo kwa watumishi na wananchi juu ya upokeaji wa mizigo midogo majumbani)



Ofisi za Serikali hapa Zanzibar kwa kawaida hufunguliwa saa 1:30 asubuhi na kufungwa saa 9:30 alasiri. Boti ya asubuhi kutoka Dar es Salaam hutumia takriban saa mbili kufika bandari ya Malindi. Kwa hiyo mzigo uliopakiwa asubuhi huwa umeshushwa kabla ya adhuhuri, na anayeupeleka mtaani hubisha hodi katika saa zile zile ambazo mwenye nyumba yuko ofisini, darasani au wodini. Bahari huvukwa kwa saa mbili, ilhali safari ya kutoka Malindi hadi Fuoni huweza kuchukua siku tatu.

Utaratibu wa kupeleka mzigo nyumbani umejengwa juu ya dhana kwamba nyumbani pana mtu kutwa. Dhana hiyo ilikuwa na ukweli wake pale bibi au shangazi alipokuwa haondoki barazani. Siku hizi nyumba nyingi mume na mke wote huenda kazini, watoto wako skuli, na mlango una kufuli.

Inafaa ikumbukwe kwamba katika Afrika Mashariki barua kwa kawaida hazikuwa zikiletwa majumbani. Ziliwekwa katika sanduku la posta, na mwenye ufunguo akazifuata mwenyewe. Sanduku lile lililalamikiwa sana, lakini lilikuwa na sifa moja ambayo haikusifiwa ipasavyo: aghalabu liliweza kufunguliwa hata jioni, baada ya kazi. Kifurushi hakikuenea humo. Iliwekwa karatasi ya kumwita mwenyewe, naye akalazimika kuomba ruhusa kazini ili aiwahi kaunta kabla haijafungwa. Karatasi hiyo sasa imekuwa simu, na ruhusa bado inaombwa.

Mwaka 2022, kabla ya Sensa ya Watu na Makazi ya mwezi wa Agosti, kazi kubwa ilifanyika nchini ya kuzipa nyumba namba na njia majina. Faida yake ni ya wazi kwa kila aliyewahi kuelekezwa kwa mwembe ambao ulishakatwa. Lakini namba humwonyesha mchukuzi mlango tu. Ikiwa hakuna mtu ndani, atarudi na mzigo wake kama alivyokuja.

Tuseme muuguzi wa zamu ya usiku. Yeye saa 5 asubuhi yupo nyumbani, tena amelala, na simu ameizima kwa haki kabisa. Mchukuzi hupiga mara mbili, hubisha mara tatu, kisha huandika kwamba mpokeaji hakupatikana. Au tuseme mwalimu aliyetumiwa vyeti vyake halisi, ambavyo anatakiwa kuviwasilisha kabla ya mwisho wa wiki ili maombi yake ya masomo yapokelewe. Kwake yeye kifurushi kuzunguka mjini siku tatu si usumbufu mdogo; ni mwaka mzima wa kusubiri nafasi nyengine.

Wala isidhaniwe kwamba mchukuzi ananufaika. Kijana wa pikipiki anayelipwa kwa kila mzigo uliopokelewa huwa ametia mafuta bure, na kesho ataanza na deni la jana. Lawama huwaangukia yeye na mpokeaji, na wote wawili walikuwa kazini.

Tatizo hili halikuwaacha hata waliotangulia katika huduma hii. Nchini Japani, upelekaji wa vifurushi majumbani ulianzishwa na kampuni ya Yamato mwaka 1976, na baadaye wateja wakaruhusiwa kuchagua saa ya kupelekewa. Hata hivyo, kwa miaka mingi zaidi ya kifurushi kimoja katika kila kumi kimelazimika kupelekwa tena kwa kukosekana mtu. Mwezi wa Aprili 2024 sheria ilipoweka kikomo cha saa 960 za ziada kwa mwaka kwa madereva wa malori, mkazo uliongezeka wa kuweka masanduku ya kupokelea, au kuacha mzigo mlangoni kwa idhini ya mwenyewe. Ujerumani ilianza kutumia masanduku ya namna hiyo mwaka 2001, nayo hufunguliwa wakati wowote.

Hapa kwetu sanduku hilo lipo, nalo ni duka la mtaani. Hufunguliwa alfajiri na kufungwa usiku, na mwenye duka anawajua watu wote wa mtaa. Tayari watu wengi huachiwa mizigo yao hapo, ila kwa hisani, na hisani haina risiti. Simu ikipotea, au dawa ikiharibika kwa joto, hakuna anayejua nani wa kuulizwa. Ni bora mwenye duka alipwe kitu kidogo, awe na daftari la kutia saini, na apeleka-mizigo wakubaliane naye kabla, si mlangoni pake mzigo ukiwa mkononi.

Kuhusu maofisini, wapo wakuu wanaokataza mizigo binafsi kupokewa getini, na sababu zao za usalama zinaeleweka. Hata hivyo, mtumishi anayeondoka kwenda Malindi na kurudi hupoteza nusu ya asubuhi, na wananchi waliopanga foleni dirishani kwake hupoteza nayo. Daftari moja kwa mlinzi na kabati moja lenye kufuli lingegharimu kidogo kuliko ruhusa hizo.

Kwa sasa, anayeagiza mzigo aandikishe juu yake shehia, namba ya nyumba, namba mbili za simu, ya pili ikiwa ya mtu asiyefanya kazi saa moja naye, na saa ambayo kweli atakuwapo. Kwa mizigo ya Pemba itajwe pia bandari, Mkoani au Wete, kwani aliyeko Wete akiitwa Mkoani siku ya kazi, siku hiyo imekwisha.