Maneno ya Kizungu ya Kazini
Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi



Waliotangulia wamesema juu ya mishahara, na wamesema vizuri. Sisi wa kamati ya masomo tumeombwa tuseme juu ya jambo linaloonekana dogo, nalo ni maneno. Hatutaanza na "good morning" wala "how are you", maana hayo hata mtoto wa darasa la kwanza ayajua. Twataka maneno yale yaliyomo katika karatasi unayopewa uitie sahihi huku karani anatazama saa yake.

Miaka michache iliyopita mwenzetu mmoja, mpakiaji, alikuwa amefanya kazi miaka tisa mahali pamoja. Alikuwa akidai likizo yake. Siku moja akaitwa ofisini, akapewa karatasi ya mistari mitatu, na ndani yake akaliona neno "leave". Neno hilo alilijua sana, kwa kuwa kila Desemba hubandikwa ubaoni: "annual leave". Akatia sahihi, akashukuru, akapanda basi kwenda kwao. Aliporudi baada ya majuma matatu, askari wa langoni akamwambia jina lake halimo. Ile karatasi ilisema "I leave the service of the company", yaani, naacha kazi ya kampuni.

Neno ni moja lakini lina kazi mbili. Likisimama kama jina la kitu, "leave" ni likizo. Likisimama kama tendo, ni kuondoka au kuacha. Lugha yetu haina taabu hiyo, kwa sababu tendo letu hujulikana kwa kichwa chake: naondoka, aliondoka, kuondoka. Tendo la Kiingereza mara nyingi halivai kofia. Basi dawa yake ni kutazama neno lililotangulia. Ukiona "my leave", "annual leave", "sick leave", hiyo ni likizo. Ukiona "I leave" au "to leave", weka kalamu chini kwanza, uliza.

Mwenzetu alirudishwa kazini baada ya mikutano mitatu na meneja, lakini zile siku alizokaa nje hakulipwa hata senti. Na tuseme kweli yote: mwakilishi wetu alikuwa amesimama karibu naye siku ile. Naye aliona "leave" akafikiri likizo. Aibu hiyo ni ya chama pia, na ndiyo iliyozaa hotuba hii.

Jambo hili si la leo. Baba zetu na babu zetu walivaa kipande. Sheria yake iliwekwa mwaka 1915, ikaanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kilikuwa karatasi ndani ya kikopo cha chuma, kikaning'inizwa shingoni, na humo mliandikwa jina, alama za vidole, kazi, mshahara na sahihi ya tajiri. Tajiri asipoandika kwamba amekuachilia, hukuweza kupata kazi kwingine kwa halali, na ukiondoka hivyo hivyo waweza kushtakiwa. Harry Thuku na wenzake walikipinga mwaka 1921 na 1922. Fikirini basi: mtu alibeba shingoni mwake maneno yanayomtawala, na wengi hawakuweza kuyasoma.

Leo sheria iko upande wetu kuliko zamani, ila wengi hawajui. Katiba ya mwaka 2010, katika ibara ya 7, yasema kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa, na tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Na Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 9, yasema kwamba mfanya kazi asiyejua kusoma, au asiyefahamu lugha ya mkataba, lazima mwajiri ahakikishe anaelezwa mkataba huo kwa lugha anayoifahamu. Si fadhili, ni wajibu. Kwa hiyo mtu asione haya kusema, "Bwana, nieleze hapa kwa Kiswahili." Mwenye kuona haya ni yule aliyeandika karatasi ili isieleweke.

Sasa tuingie darasani. Mkataba unapofunguliwa, maneno mawili yanakukuta mlangoni: "employer" na "employee". Yanafanana kama mapacha, na watu wengi huyachanganya. Lakini Kiswahili chatusaidia. Sisi husema mwajiri na mwajiriwa. Ile herufi "w" yetu ya mwisho ndiyo kazi yake katika Kiingereza hufanywa na "ee". "Employer" ni mwenye kuajiri, "employee" ni mwenye kuajiriwa. Ukishika hilo, hata benki hutapotea: "payer" ni mlipaji, "payee" ni mlipwaji. Basi kila mara usomapo kifungu, tia kidole juu ya neno hilo ujue ni nani anayebebeshwa mzigo.

Halafu kuna maneno mawili mafupi ambayo twasema ni ya thamani kuliko mengine yote katika mkataba: "shall" na "may". "Shall" katika mkataba ni lazima. "May" ni hiari. Mkataba ukisema "the company shall pay house allowance", kampuni haina budi kulipa. Ukisema "the company may pay a bonus", maana yake ikipenda italipa, isipopenda haitalipa, na wewe huna pa kushtakia. Tumeona wenzetu wakishangilia bonasi iliyoandikwa kwa "may". Walikuwa wameshangilia ahadi ya mvua. Tena tazameni, katika mikataba mingi "shall" huwa nyingi upande wa mfanya kazi na "may" huwa nyingi upande wa tajiri. Zihesabuni siku moja mkiwa na nafasi.

Na hilo neno "house allowance" tulilolitaja, ni posho ya nyumba. Sheria ya Ajira, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri ampe mfanya kazi nyumba nzuri au fedha za kutosha kodi. Lakini kuna neno refu linaloweza kumeza posho hiyo, nalo ni "consolidated". Maana yake ni iliyounganishwa. Ukitia sahihi mshahara ulio "consolidated", umekubali kwamba kodi ya nyumba imo ndani ya mshahara huo huo, usiidai tena. Kwa hiyo shilingi zinazoonekana nyingi huenda zikawa chache kuliko zile za jirani yako mwenye mshahara wa msingi mdogo, yaani "basic", na posho ya nyumba mbali. Neno hili ni ghali, lisomeni polepole.

Tukifika kwenye karatasi ya mshahara, ile iitwayo "payslip", ni haki yako kuipata kwa maandishi chini ya kifungu cha 20, isipokuwa vibarua, watu wa kazi ya kipimo, na walioandikwa kwa muda usiozidi miezi sita. Juu kabisa utaona "gross". Mwenye duka atakuambia grosi ni dazeni 12, na hakosei, lakini hapa ni jumla ya fedha zako kabla hazijaguswa. Chini kabisa utaona "net". Usifikiri ni wavu wa samaki, ingawa sauti ni moja. Ni fedha zinazobaki, zile za mkononi. Katikati yake wamekaa "deductions", makato. Humo mna kodi ya serikali, mna NSSF ya uzeeni, mna mchango wa afya wa SHIF ulioanza Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara wote, na mna ada ya nyumba, asilimia 1.5, ambayo mwajiri naye lazima aongeze kiasi kama hicho kutoka mfukoni mwake. Mna advansi uliyochukua na ukaisahau. Mna pia "union dues", nayo ni ada yetu ya chama. Ukitaka kujua imekwenda wapi, mtunza hazina yuko pale mbele, na ni wajibu wake kukujibu.

Makato yana mpaka. Kifungu cha 19 chasema kwamba makato yote pamoja yasizidi theluthi mbili za mshahara. Basi "net" yako ikiwa chini ya theluthi moja ya mshahara, leta hiyo karatasi ofisini kwetu, usiitupe.

"Overtime" hatuna haja ya kueleza, kila mtu ni profesa wa ovataimu.

Maneno yanayoumiza ni yale ya kuachishwa kazi, na hapo twaomba mtege sikio. Ukiambiwa "termination", kazi yako inakatizwa. Neno hilo halitaji kosa lenyewe, kwa hiyo uliza sababu. Ukiambiwa "redundancy", maana yake si kwamba umefanya kosa. Kazi imepungua, watu wamezidi. Hapo kifungu cha 40 chataka chama na ofisa wa kazi wapewe taarifa si chini ya mwezi mmoja mbele, na mtu alipwe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka kamili aliofanya kazi. Mwenye miaka tisa ana siku 135 zake. Tajiri asiyetaka kulipa siku hizo aweza kutafuta neno jingine la kutumia, kwa hiyo tazama ni neno gani limeandikwa.

"Summary dismissal" ni kufukuzwa papo hapo kwa kosa kubwa. Watoto wetu hufundishwa shuleni kwamba "summary" ni muhtasari, na mzazi mmoja aliwahi kutuambia alidhani amepewa muhtasari wa barua na barua yenyewe itakuja baadaye. Hakuna nyingine ije. Hapa neno lamaanisha bila notisi, au kwa notisi fupi kuliko haki yako. Lakini hata hapo mwajiri hawezi kukufukuza kimya kimya. Kifungu cha 41 chasema lazima akueleze sababu kwa lugha unayoifahamu, na una haki ya kuwa na mwenzako wa kazini au mwakilishi wa chama uliyemchagua mwenyewe, nao wasikilizwe. Barua inayotangulia huwa na maneno "show cause". "Show" ni onyesha, "cause" ni sababu: onyesha kwa nini usiadhibiwe. Si hukumu bado. Ijibu kwa maandishi, tena kwa Kiswahili ukitaka, na uweke nakala.

Neno "resign" lina mtego wake. Mtu aliyesoma kidogo ajua "sign" ni kutia sahihi, na "re" ni tena. Basi aambiwa "please resign" afikiri sahihi ya kwanza haikuonekana vizuri. Ndugu zetu, "resign" hutamkwa rizain, na maana yake ni kuacha kazi kwa hiari yako. Mwenye kuacha kwa hiari hadai fidia ya kufukuzwa.

Karibu na hayo utakuta "in lieu of notice". Hilo "lieu" walilichukua kwa Wafaransa, hutamkwa lyu, na maana yake ni badala. Unalipwa fedha badala ya siku za notisi.

Wengine wameuliza, je, mtu atasomaje maneno hayo yote? Mwingereza C. K. Ogden alichagua maneno 850 mwaka 1930, akasema yatosha kwa mambo ya kila siku, na matendo ndani yake yalikuwa machache sana: come, go, give, take, put, get na wenzao. Wazo lake lina faida kwetu kwa jambo moja. Sisi tukitaka kugeuza tendo twageuza mkia wake: lipa, lipia, lipwa, lipana. Waingereza huliacha tendo lilivyo, wakaliwekea kineno nyuma yake. "Put" ni weka, lakini "put off" ni ahirisha. "Take" ni chukua, "take on" ni ajiri. "Lay" ni laza, na "lay off" ni kusimamisha mtu kazi kwa kukosa kazi. Basi usiridhike na tendo peke yake. Soma na kale kaneno kanakofuata, maana ndiko kenye sumu.

La mwisho ni sahihi yenyewe. Chini ya karatasi huandikwa ama "received", nimepokea, ama "accepted" au "agreed", nimekubali. Kupokea barua si kukubali yaliyomo. Ikiwa hukubali, andika kwa mkono wako juu ya sahihi: nimepokea tu, sijakubali. Tena tia tarehe. Na ukiona "full and final settlement", yaani malipo yote na ya mwisho, usitie sahihi siku hiyo hiyo hata ukiwa na njaa. Sema wataka kuionyesha chama chako.

Tutaanza darasa Jumamosi saa nane mchana katika ofisi ya tawi, na tutaendelea kila Jumamosi. Hakuna ada. Kila mtu alete penseli na karatasi yake ya mshahara ya mwezi uliopita. Kama hutaki jirani aone hesabu zako, funika tarakimu kwa karatasi, sisi twataka maneno tu. Akina mama wenye watoto wachanga waje nao. Yule mwenzetu mpakiaji ameahidi kuja, naye atakaa mbele.